Kikasha cha Fundi Saa wa Nanyuki

Kijijini kwetu, upande wa Mwazye, baba yangu alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo, lakini hakuna aliyeyatumia. Watu walimwita Mtaliano. Italia yenyewe hakuwahi kuiona. Jina lilitokana na nyimbo. Akiwa machungani alipanda juu ya kichuguu, akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akaimba Kitaliano kwa sauti iliyovuka bonde zima, huku ng'ombe wake wakijihamia kwenye mahindi ya watu. Utasikia mama mmoja ng'ambo ya pili anapaza sauti, "Mtaliano we! Ng'ombe wako hao!" Baba hakukatisha. Alimaliza ubeti kwanza, ndipo akashuka kuomba radhi, na mara nyingi radhi ilikubaliwa kwa sharti kwamba jioni aimbe tena kwenye kimpumu.

Wewe ambaye hukukulia Ufipa, jimiminie chai nikueleze kidogo. Kimpumu ni pombe ya ulezi, hunywewa kwa mrija ikiwa ya moto, na anayeihudumia haishi kuongeza maji yaliyochemka. Mwezi wa Juni upepo wa milima ya Mbizi ukishuka usiku, hakuna mahali pazuri pa kukaa kuliko karibu na chungu hicho, hata kama wewe ni mtoto na hupewi kitu. Mimi nilijibanza nyuma ya baba, ndani ya lile koti lake zito la jeshi lililonuka moshi na ugoro. Humo kotini ndimo nilimosikia habari za Wataliano.

Baba alikuwa Keya. Vijana wa wakati huu wakisikia Keya hunitazama tu, basi niseme: King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku kwetu. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, vijana wa Tanganyika walikusanywa kwa wingi, na wa Ufipa wakiwemo, wengine kwa hiari, wengine kwa hiari ya mtemi na bwana shauri. Wakapelekwa kaskazini. Mogadishu ikaanguka Februari 1941, Addis Ababa mwanzoni mwa Aprili. Baba aliumia mguu huko Ethiopia, akawa hafai tena kwa mwendo wa vita. Wakampa kazi ya lindo katika kambi ya Wataliano, Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kambi namba 354.

Hapa ndipo wazee wa kimpumu walipokuwa wakiuliza swali lilelile kila mara: hao waliokuwa ndani ya seng'enge walikuwa askari wote? Na baba kila mara alijibu kwa uchungu uleule. Hapana. Wengine hawakuwahi kushika bunduki. Walikuwa makarani wa serikali yao, madaktari, mafundi wa magari, vinyozi, waoka mikate, watu waliokwenda Ethiopia baada ya 1936 kutafuta maisha katika nchi ambayo dola yao iliipora. Mwingereza alipoichukua Addis Ababa aliwakusanya wanaume hao pamoja na askari, akawasambaza makambini: Kenya, Rhodesia na kwingineko. Wake zao na watoto walibaki kwanza kule, kisha mwaka 1942 na 1943 zikaja meli kubwa nne zilizopakwa rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu, zikawachukua wanawake, watoto, wazee na wagonjwa kuwarudisha kwao. Hazikupita Suez. Zilizunguka Afrika nzima kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Baba alikuwa akichora safari hiyo kwa kidole kwenye vumbi, na akifika rasi ya kusini alisimamisha kidole kidogo, kana kwamba na yeye anasubiri bahari itulie.

Mmoja wa wanaume hao alikuwa fundi saa. Baba hakuwahi kulitaja jina lake. Sidhani alilisahau, nadhani hakulizoea, kwa sababu wao wawili waliitana kwa kazi zao tu. Huyu akasema "Fundi", yule akasema "Askari". Waliongea Kiswahili kile cha kambini, cha kuungaunga, na baba aliigiza sauti zote mbili hadi wazee wanamwaga pombe kwa kucheka.

"Askari, wewe iko na mtoto?"

"Bado, Fundi. Wewe je?"

"Iko moja. Msichana. Iko meli."

Hapo kicheko kilikatika, nami nilikuwa nasubiri kikatike, maana ndipo baba angesema kuhusu kikasha.

Kikasha chenyewe nilikishika mikononi mara nyingi kuliko nilivyoshika daftari la shule. Kilikuwa cha kuwekea sigara, upana wa kiganja, cha alumini iliyotokana na kopo la kulia chakula la jeshi. Mfuniko ulikuwa na bawaba ndogo sana ya waya, na ulipoufunga ulitoa mlio mmoja tu mfupi, tik, bila kuchezacheza. Juu yake fundi alikuwa amechora kwa msumari aliounoa kwa mawe. Upande wa juu, vilele vya Mlima Kenya na theluji yake, iliyofanywa kwa nukta ndogondogo. Upande wa chini, meli. Mlima na bahari, pamoja! Nilipokuwa mtoto nilidhani Nanyuki iko pwani. Dirisha moja la meli alilichimba zaidi ya mengine, na ukigeuza kikasha kwenye mwanga wa moto, dirisha lile peke yake liling'aa.

Baba alikipata kwa mayai na pakiti za sigara, alizolipa kidogo kidogo. Biashara hiyo ilikatazwa na ilifanyika kila siku. Kulikuwa na pete zilizochongwa kutokana na mipini ya miswaki, sanduku za mbao zenye maua ya vipande vya mbao za rangi mbalimbali, kete za sataranji, misalaba, picha za wake zilizochorwa kutokana na picha ndogo ya pasipoti. Waliokuwa mafundi tangu kwao walifanya kazi za mafundi, na ambao maisha yao yote walishika kalamu tu walijifunza patasi humo humo kambini. Baba alisema jambo ambalo nimelifikiri maisha yangu yote: usiku wa lindo, kambi ikiwa imelala, ungesikia bado kijisauti cha tupa kinakwaruza gizani. Mtu anasugua kitu kwa kupapasa.

Baba hakushangazwa na ufundi kama ufundi. Yeye alikuwa mtoto wa Ufipa. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa amehudumu kwenye malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe kupitia mabomba ya udongo chini yake, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kiliingizwa tena katika tanuru dogo, la kuvukutwa, ndipo kikawa cha kufulia jembe. Bibi zetu nao walisokota pamba na babu zetu walifuma nguo. Kisha majembe ya dukani na kaniki za dukani zikaja kwa bei ya chini, na malungu yakazimika. Nilipokuwa mdogo bado ungeyakuta porini, yamepasuka upande mmoja, mbuzi wamejikinga mvua ndani yake. Kwa hiyo baba alipomwona Mzungu amechuchumaa siku nzima juu ya kipande cha kopo alikuwa akimwona mtu anayemjua. Alisema mgongo wake ulikuwa mgongo wa babu.

Lakini hadithi iliyoombwa kuliko zote ilikuwa ya wale watatu waliopanda mlima. Nimekuja kuisoma baadaye, maana mmoja wao aliandika kitabu, na nimefurahi kuona kwamba baba hakutia chumvi nyingi. Mwandishi huyo ni Felice Benuzzi, na yeye hakuwa mwanajeshi bali mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Addis Ababa. Januari 1943 alitoroka Kambi 354 pamoja na Giovanni Balletto, daktari, na Vincenzo Barsotti. Hawakutoroka ili waende kwao. Wangeenda wapi? Walitoroka ili wapande Mlima Kenya, kisha warudi wenyewe.

Hebu fikiria matayarisho yao. Kamba za mlimani walizipata kwenye katani ya vitanda vyao. Nyundo waliziiba, zikageuzwa mashoka ya barafu. Vyuma vya kuvaa chini ya viatu vilitengenezwa kwa mabaki ya chakavu, nguo za baridi zilishonwa kwa mablanketi, kila kitu kwa siri, kila kitu kwa mkono. Ramani hawakuwa nayo, ila karatasi ya kopo la chakula iliyokuwa na picha ya mlima. Barsotti aliugua, akabaki chini. Benuzzi na Balletto walishindwa kilele kikubwa, wakafika Lenana, wakasimika bendera yao na chupa yenye majina yao. Siku kumi na nane tangu watoroke, wakarejea kambini wakiwa mifupa mitupu. Adhabu ilikuwa siku ishirini na nane za kufungiwa, lakini mkuu wa kambi aliipunguza ikawa saba, akiheshimu walichokifanya.

Wazee walicheka mpaka machozi: mtu anatoroka jela ili aende kwenye baridi! Baba alicheka nao. Ila alipokuwa peke yake na mimi, tukipukuchua mahindi, alinieleza upande wake. Alisema kila asubuhi mawingu yalipofunguka, waliokuwa ndani ya seng'enge na waliokuwa nje yake waligeuza nyuso upande mmoja. Mtaliano hakuchagua kuja Nanyuki, na yeye Mfipa hakuchagua. Wote walikula kwa kengele na kulala kwa kengele. Wote walisubiri barua. Na Mtaliano angalau alijua kusoma yake. Benuzzi alichora mlima huo kwa rangi za maji, na picha zake zimechapwa pamoja na maandishi yake. Baba hakuwa na rangi. Alijifunza nyimbo.

Alirudi 1946 kwa malori, kwa ile barabara kuu ya kutoka Nairobi kupita Arusha, Dodoma na Iringa hadi Mbeya, kisha Tunduma, na kutoka Laela akatembea. Mfukoni alikuwa na kikasha. Sigara zilikuwa zimekwisha njiani, basi mama akatia humo sindano zake, uzi mweusi na medali ya Bikira Maria aliyopewa na mapadre. Tangu hapo kikasha kikanuka mafuta ya samli na nta ya uzi. Kila aliyekuwa na mwiba mguuni alikuja kwetu, na alipokuwa akitolewa mwiba alipewa kikasha akitazame ile meli asije akalia. Watoto wa kijiji kizima tuliijua meli ile kabla hatujaliona hata Ziwa Rukwa.

Mimi nilijifunza useremala misheni. Siku hizo karakana ya misheni ilikuwa chuo kikuu chetu: harufu ya randa ya mninga, gundi inayochemka kwenye kopo, Bruda mwenye ndevu zilizojaa vumbi la msumeno akipitisha kidole kwenye ungio, na ole wako kidole kikwame. Ufundi huo ulinipeleka mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa hai, Mtanzania aliweza kupata kazi Nairobi bila mtu kumwuliza sana, nami nikaingia karakana za reli, kutengeneza viti na milango ya mabehewa.

Siku moja ya mapumziko rafiki yangu Mkikuyu alinichukua kwenye lori la mjomba wake kwenda Naivasha. Tukashuka ule mteremko wa Bonde la Ufa. Nakumbuka breki zinalia, hewa inazidi kuwa ya moto, wachuuzi wa ngozi za kondoo wamepanga bidhaa ukingoni mwa korongo, na moshi wa mahindi ya kuchoma unaingia dirishani. Karibu na chini kabisa, kabla ya Mai Mahiu, mjomba akapunguza mwendo, akafanya ishara ya msalaba. Kando ya barabara palikuwa na kanisa la mawe, dogo ajabu. Watu kama kumi na wawili wakiketi, limejaa.

"Hili lilijengwa na nani?" nikauliza.

"Mateka Wataliano," akasema. "Barabara hii unayopita pia ni yao. Walijenga kanisa mwaka 1942, wakati wanachonga barabara."

Nikamwomba asimame. Alikuwa na haraka, lakini mkubwa yule alikuwa mwungwana. Akazima injini, akatoa kikombe cha chai. Nikaingia. Ninaweza kukwambia mengi juu ya kanisa hilo la Maria wa Malaika, lakini mimi ni fundi, nitakwambia nilichofanya: nilipitisha kidole kwenye maungio ya mawe. Hakikukwama. Watu waliochimba mwamba mchana kutwa, kwa amri, walikuja hapa kuchonga mawe mengine ambayo hakuna aliyewaamuru. Nikasimama humo nikijua kwa mara ya kwanza kwamba baba hakuwa akinisimulia ngano. Nje malori yalipita yakitikisa ardhi, na ndani palinuka nta na vumbi.

Baadaye nilifika pia Nyeri, kwenye kanisa la ukumbusho lililokamilika 1952, ambamo mabaki ya Wataliano 676 yamewekwa ukutani, kila mmoja na kibati chake. Amelazwa humo na Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wao Ethiopia. Alisalimu amri Amba Alagi Mei 1941, akafa kizuizini Nairobi Machi 1942. Ni jengo kubwa, zuri, nami nalipa heshima zake. Lakini moyo wangu uko kwa kale kadogo ka barabarani.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, nasi tukarudi kila mtu kwao na zana zake. Nilirudi Sumbawanga, mji ukiwa bado wa vumbi jekundu, umepewa heshima ya makao makuu ya Mkoa wa Rukwa miaka michache tu nyuma. Basi la kutoka Mbeya wakati wa masika lilikuwa safari ya kuagana na watu. Leo lami imenyooka toka Tunduma, na mjukuu wangu anakunywa chai Mbeya na kula mchana kwangu.

Miaka hii ya uzee nimesoma niliyoweza kuhusu watu wale. Nimesoma kwamba Zonderwater, Afrika Kusini, palikuwa na kambi kubwa ambamo Wataliano zaidi ya laki moja walipita, na mmoja wao, Edoardo Villa, akabaki nchini humo na kuwa mchongaji mashuhuri wa chuma. Nimesoma kwamba huko Uingereza kwenyewe, Juni 1940, Wataliano waliokuwa wakiuza aiskrimu na chipsi walikamatwa usiku mmoja na kuwekwa kizuizini. Mamia wakapakiwa kwenye meli Arandora Star kupelekwa Kanada, na tarehe 2 Julai ikapigwa na nyambizi ya Kijerumani. Waliokufa ni zaidi ya mia nane. Miongoni mwao alikuwemo muuza aiskrimu mmoja wa Edinburgh, ambaye mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa amefungiwa gerezani mji huohuo. Kijana huyo, Eduardo Paolozzi, alikuja kuwa mchongaji mkubwa wa Uingereza, na kazi zake nyingi ni za vipande: bati, gurudumu, kichwa kilichokatwa kikaungwa upya. Nilipoziona picha zake nilimkumbuka fundi saa. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu hutazama takataka kwa jicho jingine.

Na kikasha? Mama alifariki akiwa ameshiba siku. Nyumba ya zamani ikabaki na wajukuu, na wajukuu ni watu wa kuhangaika. Akapita kijana mmoja wa vyuma chakavu na mzani wake wa kuning'iniza, ananunua masufuria yaliyotoboka, betri, vijiko. Wakamtolea vyote vilivyong'aa. Niliposikia, nilikwenda hadi ghalani, nikapekua gunia baada ya gunia mbele ya watu wanaonishangaa. Kilikuwa kimekwisha kupakiwa, lori limeondoka. Siwalaumu watoto. Hakuna aliyewaambia kwamba ile meli ilikuwa na mtoto ndani. Lakini nilikaa kwenye ukingo wa barabara ile ya lami nikalia, mtu mzima, mchana kweupe, na bodaboda wakipita.

Ndiyo maana sasa nasema kila mahali: fungueni masanduku ya bibi zenu. Askari wa Keya kutoka Ufipa hawakuwa baba yangu peke yake, na mayai ya Nanyuki hayakununua kikasha kimoja.

Jirani yangu hapa mjini, bibi wa umri wangu, naye ni mtoto wa Keya. Mwaka jana nilimwona amevaa pete nyekundu iliyopauka, nikaijua kabla hajafungua kinywa: mpini wa mswaki. Mama yake alivishwa siku baba yake aliporudi. Hivi karibuni kijana mmoja mnunuzi wa vitu vya kale alimfikia, akataja bei nzuri, akaipandisha, akaipandisha tena. Nilikuwepo, nakunywa chai yake ya tangawizi.

"Mwanangu," bibi akasema, "aliyeichonga alikaa kizuizini miaka. Wewe unataka kuipata kwa dakika tano?"

"Shikamoo bibi, nisamehe," kijana akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akaketi. "Kwani ilichongwaje?"

Bibi akanitazama. Nikamweleza: mpini hulainishwa kwenye maji ya moto, huzungushwa kwenye kijiti cha kipimo cha kidole, ukishapoa hukatwa, hupigwa tupa, hupigwa msasa, na mwisho husuguliwa kwa majivu na kitambaa mpaka ung'ae. Alisikiliza bila kugusa simu. Kesho yake alirudi na miswaki miwili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu. Bibi alichagua mwekundu, akabandika sufuria jikoni, akanituma nyumbani nikalete tupa.